Jiwe la Sekenke

Nilimwambia fundi Masinjila wa Kizota:
ongeza mafuta kwenye pampu, basi limechoka,
Sekenke linaupanda kwa gia ya kwanza
na moshi wake unatangulia kuomba radhi.

Hakujibu. Akafungua chujio la hewa,
akaligonga chini mara moja:
vumbi la Manyoni, makapi ya uwele,
bawa la panzi,
kiangazi cha miaka mitatu.
"Unamshindilia chakula mtu uliyemziba pua," akasema.

Akabana bomba la tabo lililokuwa likipiga mluzi,
akapima nozeli moja moja,
akataja bei ndogo kuliko hofu yangu.

Ijumaa, tukirudi kutoka Igunga, mlima huo.
Gia ya tatu. Nikasubiri injini ilie.
Haikulia.
Mshale wa joto ukatikisika, ukatulia.
Lori la pamba tukaliacha likikohoa kwenye kona.

Nyuma yangu Nkumbi, tingo wangu,
mguu mmoja mlangoni, mkononi jiwe la kuzuia gurudumu,
kama safari zote, tayari kuruka.

Tulipofika juu bado amelikumbatia.
"Bosi," akauliza, "na huyu abiria
anashukia wapi?"