Kilomita Mia Nane za Kwanza

Fundi Ñancucheo alitukabidhi ufunguo mmoja,
mimi na Edryd, warithi wawili wa Pijo moja,
akafuta mikono kwa tambara jeusi kuliko mikono.
"Ringi mpya. Beringi mpya. Silinda nimezichonga upya.
Mia nane za kwanza, msiende mwendo wa namna moja.
Redio nimeing'oa. Sikilizeni."

Tukatoka Esquel saa moja asubuhi,
upepo wa Patagonia ukiusukuma mlango wa upande wangu,
na baina yetu, juu ya kiti,
daftari la geji: joto, presha ya oili, kilomita,
na miaka mitatu ya kutosemezana
tangu siku ile ya kugawa kondoo.

Sitini. Sabini na tano. Hamsini. Sitini na nane.
Niliandika. Alikohoa. Niliandika.

Edryd huendesha kama aliyebeba trei ya mayai.
Kila mwinuko anauomba radhi,
ananyanyua mguu kabla injini haijaguna.
"Mwali huyu," akasema, neno la kwanza tangu kondoo,
"katoka ndani leo. Hafundwi kwa kiboko."

"Wala hafundwi kwa kudekezwa," nikasema.
"Ukimbembeleza, silinda zitang'aa kama kioo cha kinyozi,
ringi ziteleze, zisishike kitu,
gari linywe oili mpaka tuzikwe."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Mwaka ule wa trekta ya baba."

Kilomita kumi na moja hakusema kitu.

Tecka tulibadilishana viti.
Tukanywa mate, na kweli ni mate:
mrija mmoja wa bati, midomo miwili iliyonuniana.
Nilimwona akiutazama kabla ya kunyonya.
Hakuufuta.

Kusini ya hapo barabara inapanda, haina haraka.
Gia ya tatu. Nikakanyaga mafuta hadi nusu,
nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi,
nikaachia.
Injini ikavuta pumzi kwa kinyume, ikatushika,
ikatuteremsha bila breki huku ikinguruma kifuani,
nyuma yetu uzi wa moshi wa buluu,
na guanako kwenye ua wa waya akageuza shingo.

Edryd alitoa pua dirishani.
"Kuna kitu kinaungua."
"Rangi ya ekzosi."
"Najua ni rangi."
Tena: kanyaga, hesabu, achia.
Mara ya sita nilimsikia naye anahesabu.

Mia mbili na kumi, ndipo ikaanza. Tik. Tik tik. Tik.
Hakuna aliyesema "tapeti", lakini sote tuliisikia
ikiwa na bei yake tayari.
Nikaegesha. Boneti juu, upepo ukitaka kuondoka nayo,
yeye kaishikilia kwa bega,
mimi mpini wa bisibisi sikioni, ncha juu ya kifuniko cha vali,
kama daktari aliyesomea gizani.
Kimya. Mashine inahema vizuri tu.
Tukarudi ndani. Tik.

Ilikuwa chupa ya chai nyuma ya kiti,
kifuniko chake kikigonga spana ya kumi na saba.

Edryd ndiye aliyecheka kwanza.
Nilikuwa nimesahau kwamba hucheka kafumba macho.

Usiku wa tatu, mia nane na nne,
tuliiweka juu ya shimo la gereji, tukafungua nati ya chini.
Oili ikashuka ya moto, nyembamba,
na taa ilipoipiga, ndani yake kulikuwa na vumbi la fedha,
unga wa chuma kilichosagana na chuma.
Moyo wangu ukaruka.
Ñancucheo akachovya kidole, akakisugua kwa gumba.
"Hii ya kwanza lazima itoke. Mwaga.
Ikirudi baada ya elfu tatu, njooni."

"Wote wawili?" Edryd akauliza.

Fundi hakulielewa swali.
"Si gari ni moja?"

Oili mpya tulilipa nusu kwa nusu.
Ilibaki robo lita kwenye kopo.
Niliiweka nyuma ya kiti, kando ya chupa ya chai,
na hakuna aliyeuliza ni ya nani.