Dirisha Namba Tatu

Mimi ndiye wa dirisha namba tatu, malalamiko ya maji.
Toka saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu
ninatukanwa kwa jina lisilo langu: Nyie.
Nyie mmekata. Nyie mmechezea mita.
Nyie, bomba linatoa upepo, bili inatoa moto!
Naandika. Nagonga muhuri. Nasema pole.
Pole yangu imechakaa kama noti ya elfu moja
iliyolala mwaka mzima kwenye kibindo cha muuza viazi.

Mwezi wa sita taya likagoma kufunguka.
Usiku namba za mita zilinipita machoni
moja moja, zikikosa pa kushukia.

Sista Atupakisye akanifunga mkono, akabinya mpira,
akaitazama sindano ya kipimo,
kisha akanitazama mimi.
"Unarudije nyumbani?"
Kwa barabara kuu, nikajibu. Malori ya Tunduma,
honi, moshi, simu sikioni.
"Basi pita Forest ya Zamani. Kwa miguu.
Simu itie hata ndani ya soksi."
Nikangoja karatasi ya dawa.
Hakuandika kitu.

Siku ya kwanza nilipita nimemkasirikia.
Ya pili pia.
Ya tatu, au ya tano, sikumbuki,
ukungu ulikuwa umeteremka toka Loleza
ukakaa njiani kama mkwe aliyekuja bila taarifa,
na mikaratusi ilinuka
kama kifua cha mtoto aliyepakwa dawa ya mafua.
Hapo nikasikia mabega yakishuka.
Kumbe yalikuwa juu!
Miaka mingapi nimeyabeba masikioni?

Watu husema mlima ndio unaoponya.
Labda. Kwangu mimi mlima ni mkubwa mno,
hata sijui niuanzie wapi.
Mimi nilishikwa na vidogo:
mfereji wa mawe unaojisemea wenyewe,
mfyulisi uliochungulia ukuta wa watu mwezi wa nane,
maua tele, jani hata moja bado,
na Gwantwa fundi cherehani, barazani pake,
asemaye "ndaga" bila kuinua macho kwenye pindo.
Kuna benchi la saruji hapo, ubavuni limemeguka.
Nakaa. Haniulizi kitu.
Mtaa mzima hakuna aniitaye Nyie.

Deni la ada lipo. Meneja yupo.
Kesho bomba la Iyunga litapasuka tena
na nitatukanwa tena, kwa haki kabisa.
Ila taya linafunguka. Natafuna mahindi ya kuchoma.

Jumanne nikaikuta miti imepigwa X,
rangi nyekundu, bado mbichi, ikichuruzika.
Nikahesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu:
arobaini na mmoja.
"Wanapanua njia," Gwantwa akasema,
na kwa mara ya kwanza akasimamisha mashine.

Alhamisi nikaomba ruhusa, nikaenda jiji,
nikapanga foleni upande ule wa kioo nisioujua.
Fomu ilikuwa na maswali ninayoyafahamu:
Jina. Ambakisye Mwakalobo.
Kata. Simu.
Aina ya hasara.
Kalamu ikasita hapo.
Wanataka paa, ukuta, shamba, kaburi,
kitu cha kupimwa kwa futi.
Nikaandika: mabega.
Nikafuta. Nikaandika tena.

Binti wa nyuma ya kioo alisoma,
akagonga muhuri, akasema pole.
Niliitambua ile pole, ilivyochakaa pembeni.
Macho yalimvimba kidogo,
shingo imezama, mabega yako juu kabisa,
yanakaribia hereni.

Nyuma yangu mtu alishaanza: "Nyie watu wa jiji..."

Nikainama kwenye kitundu cha kioo.
"Samahani, dada," nikamwuliza,
"unarudije nyumbani?"