Chumvi

Jumatatu nilifunga.
Sikumwambia mtu.
Nilinawa uso, nikajipaka mafuta,
saa kumi na moja alfajiri nikawa Luanda, kibandani,
napuliza kuni kama kila siku:
mimi Kageha, mpishi wa wenye njaa,
sasa nina njaa ya kujitakia.

Hujui mfungo mpaka ukaange omena
na koo umelikabidhi mbinguni.
Kitunguu kikigusa mafuta
kinakuita kwa jina lako la utotoni.
Nikasema, Baba, nimekuja kwa jambo moja,
karo ya Lidembu, elfu kumi na nane,
shule zinafunguliwa Jumanne ijayo.
Nililiona ombi fupi, safi,
limebaki kupigwa muhuri tu.

Taabu ilikuwa chumvi.
Mpishi huonja, ndiyo kazi.
Na mrenda hauna huruma,
ukizidisha magadi unakuwa sabuni.
Nikamwita Asava, kijana wa maji,
"Njoo unionjee."
Akaonja kijiko. Akaonja cha pili.
Akaonja cha tatu, amefumba macho:
"Bado sijajua, mama."
Nikacheka. Kufunga hakukatazi kucheka.

Jumanne tumbo liliacha kelele,
likaanza kuongea kwa adabu, kama mtu anayekudai.
Kumbe njaa ni taa.
Ilimulika pembe nilizozoea kufagia juujuu,
nikaona: miaka miwili sijamsalimu Vihenda,
mke wa shemeji yangu,
kibanda chake hatua kumi na mbili kutoka changu,
kwa sababu ya sufuria.
Ile kubwa ya matanga ya mama mkwe.
Aliiazima nzima, ikarudi na tundu.
Yeye anasema ilikwenda na tundu.

Nikapiga magoti nyuma ya gunia la makaa.
Nikasema, karo.
Ndani yangu kitu kikajibu, sufuria.
Bwana, elfu kumi na nane.
Sufuria.
Nikanyamaza kwa hasira,
na nadhani hapo ndipo maombi yalipoanza;
kabla ya hapo nilikuwa namsomea Mungu
orodha ya dukani.

Jumatano, saa nane, mvua ilishuka kutoka vilima vya Maragoli
ikawafagia wateja wote. Chakula kikabaki.
Nikapakua ugali, omena, mrenda pembeni,
nikafunika kwa sahani nyingine,
nikavuka zile hatua kumi na mbili.
Kwenda Kisumu kwa miguu ni karibu zaidi.

Vihenda alikuwa peke yake, mkono shavuni.
Hakusema karibu. Alisogea tu kwenye benchi.
Samahani niliyokuwa nimeiandaa usiku kucha
ilikwama kama mwiba wa ngege.
Nikasema, "Kula kabla hakijapoa."
Akamega tonge, akachovya, akatafuna.
Akanitazama.
"Kageha, chumvi hii
uliitia kwa hasira au ulifumba macho?"
"Nimefunga," nikamwambia. "Sijaonja kitu tangu Jumapili."
"Siku tatu! Na watu wamekuwa wakilipa?"

Tulicheka mpaka paa la bati likanyamaza,
au ni mvua iliyokatika, sikumbuki.
Akasukuma sahani kwangu. Nikasema,
"Hadi jua lizame."
Vihenda akalitazama lile tonge la pili mkononi mwake,
akalirudisha, akafunika sahani,
akajifuta vidole kwa leso.
"Basi tungoje."
Tukangoja. Jua halikuwa na haraka.
Hakuna aliyetaja sufuria.

Karo bado. Leo ni Ijumaa,
na Jumanne inakuja kwa miguu yake yenyewe.
Naiomba, sikuacha kuiomba,
lakini nikipiga magoti nyuma ya gunia
kwanza nauliza:
leo je, Baba, ni sufuria gani?