Pango Namba Kumi na Tisa

Si pango la kuwekewa kibao na kiingilio.
Mlango wake ni mdogo kuliko dirisha la jiko,
umejibanza nyuma ya mawe, juu ya maharage ya Gwasa,
upande wa Heru Juu, ambako ukungu haubanduki mpaka saa nne.
Nungunungu analijua. Popo wanalijua.
Sasa na mimi, fundi cherehani wa soko la Kasulu,
nalijua kwa viwiko na magoti.

Jumamosi nafunika cherehani, nabeba vyangu:
kamba ya katani, fundo kila pima;
kofia ngumu niliyoazimwa na kijana wa barabara,
akahamishiwa Kibondo kabla sijairudisha;
tochi mbili, maana moja ni ahadi tu;
muhogo wa kuchemsha;
kauntabuku.
Na Nestori, anayeshika ncha ya kamba huko nje.
Giza halipendi. Anapenda kusubiri na redio yake,
mpira ukichezwa mahali penye jua.

Mapango makubwa yana wenyewe:
yana matambiko, yana wageni na kamera zao.
Mimi nafuata haya ya hatua kumi, kumi na mbili,
ambayo hata mbuzi akiyakosa halii.

Kuingia, kwanza unatoa pumzi.
Kisha bega la kushoto, kisha aibu.
Jiwe halina haraka.

Ndani ni baridi ya mtungi uliolala na maji.
Mzizi umepasua dari ukaning'inia
kama uzi uliochomoka sindanoni.
Tone.
Nilihesabu hadi arobaini na mbili.
Tone.

Siku ile tulipotoka tumekuwa rangi ya udongo,
Ruhaga, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa amesimama.
"Rupia za Mjerumani ziko wapi?"
Hamna.
"Zebaki?"
Hamna, mwenyekiti.
Akapekua begi: ganda la muhogo, daftari, mwiba wa nungunungu.
Mwiba akauinua juani, akaugeuza, akaugeuza,
huenda umeandikwa.
"Mtu mzima," akasema, "haingii shimoni kufuata hamna."
Akaondoka nao.

Swali lake nililala nalo.

Naitwa Bukuru. Nilitangulia kutoka.
Butoyi alibaki nyuma dakika kumi na saba,
mkunga ameshanawa mikono, akidhani kazi imekwisha.
Dakika kumi na saba, chumba chote chake.
Nikimuuliza hucheka: nitakumbukaje, wewe?
Ila tukigombana hanijibu;
hunyamaza kama mtu mwenye mahali pa kwenda
ambapo mimi sikukaribishwa.

Kwa hiyo kila pango, mwisho wake,
ninapofika pasipopitika tena,
nazima tochi.
Nestori hutazama saa. Zikitimia kumi na saba
hutikisa kamba, nami namjibu.
Sijawahi kumweleza kwa nini kumi na saba,
naye hajauliza; hesabu za mpira zinamtosha.

Kusema kweli sikuwahi kuzimaliza.
Dakika ya tano naanza kusikia damu yangu.
Ya nane nauona mkono wangu, na najua siuoni.
Ya tisa nawasha.

Kwenye hili la Gwasa kamba ilitikiswa mara moja.
Ikatikiswa tena.
Nilikuwa nimelalia ubavu, magoti kifuani,
sikulala, sikuogopa, sikuwa nawaza neno.
Mbali sana redio ilikata ghafla,
sauti ya Nestori ikapita mlangoni ikiwa nyembamba:
"We Bukuru! We!"
Nikavuta kamba.
Nilichelewa kidogo kuivuta, na si kwa bahati mbaya.

Usiku niliandika hivi, mkono ukinuka popo:

Na. 19. Heru Juu, kwa Gwasa.
Urefu: pima tatu na nusu.
Popo: sita, labda saba.
Maji: tone, kila arobaini na mbili.
Mwiba wa nungunungu: anao mwenyekiti.
Hazina: nikapiga mstari,
kisha nikaukata ule mstari,
nikaacha pengo.