Siku ya Tatu

Saa tatu usiku, Huddersfield, theluji inadondoka kwa kusitasita,
Bi Lorna wa ustawi wa jamii alibonyeza kengele,
na nyuma yake Rhys, miaka saba,
vyote alivyo navyo vimo katika mfuko mweusi wa taka.

Shuka nilikuwa nimezifua mara mbili.
Fomu nilikuwa nimejaza, kurasa arobaini na moja:
kuna mbwa? kuna ngazi? nani hulia humu, na kwa nini?
Hakuna aliyeuliza habari za viatu.

Kwetu viatu huachwa mlangoni.
"Sivui," alisema,
akakanyaga zulia la mama mkwe, matope na yote.
Nikafungua kinywa. Mbaruku akanitupia jicho,
akarudi mlangoni, akavaa buti zake za kazini,
akaja kuketi kwenye sofa
kama aliyefika sasa hivi, naye hajui atalala wapi.

Wali aliuacha. Maziwa aliyanywa.
Akalala na viatu, kamba fundo juu ya fundo,
kama mtu anayesubiri basi la alfajiri.

Mgeni siku mbili, walisema wahenga,
ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu mimi sikumpa kitu.
Nilimkuta jikoni, soksi moja ina tundu,
ananiuliza koleo la theluji liko wapi.

Viatu vyake vilikuwa mlangoni kando ya vyangu,
pua zimeelekea nje.

Sikuvigeuza.