Jumlisha Sita, Toa Tatu

Nyuma ya mlango wa kabati, kwa chaki ya skuli,
nilimwandikia mama hesabu:
saa yetu, jumlisha sita, upate saa ya simu;
toa tatu, upate saa ya Asaa.
Na chini, kwa herufi ndogo:
ikiisha Machi, toa mbili.

Hiyo ya Machi hakuipenda.
"Nani kawapa ruhusa ya kusogeza saa?
Na jua wamelisogeza?"

Mwanzo tulipotezana sana.
Thuwaiba, binti wa Asaa, alileta ujumbe:
Bibi, nitapiga saa nane.
Mama akaswali adhuhuri, akajitanda kanga ya sanduku,
akaiatamia simu kama yai.
Alasiri ikaadhiniwa. Magharibi. Isha.
Jadida nzima imelala, saa tano ya usiku,
simu ikalia.
Nane ya mtoto ilikuwa nane ya ukutani kwao,
imevuka bahari bila kubadilishwa,
kama noti ya kigeni dukani kwa Mzee Shaame.

Juzi, Disemba hii, Asaa kapiga bila miadi,
sauti imemkauka.
"Mama, kazaliwa. Msichana. Sasa hivi, saa kumi na nusu.
Leo Alhamisi, basi tumwite Mwanahamisi."

Mama akaniangalia mimi.
Nikafungua kabati, nikapitisha kidole:
huku saa moja na nusu, isha bado.
Hesabu imekubali.
Mama hakukubali.

"Huko jua lipo?"
"Limezama kitambo, mama. Hata saa kumi haijafika,
taa za njiani zilikuwa zishawashwa."
"Basi magharibi imeingia kwenu,
na kwetu imeingia.
Huu usiku wa Ijumaa, mwanangu.
Huyo Mwanajuma."
"Karatasi ya hospitali imeandikwa Alhamisi."
"Karatasi haiswali."

Kimya kidogo. Nikamsikia Asaa anacheka,
kisha hacheki, anavuta kamasi,
na nyuma yake kichanga kinalia
kilio kisichouliza ni saa ngapi, na wapi.

Nilibaki na chaki mkononi
natafuta pa kuiandika siku inayoanza jua likizama.
Mlango umejaa sita na tatu na mbili,
nafasi hakuna.

Mama keshaingia jikoni,
anaroweka mchele wa mkate wa kumimina.
"Wa kesho?" nikamuuliza.
"Wa leo," akasema,
"ila tutaula kukicha."