Sukari Kilo Mbili

Walinipa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha kandambili.
Kufuli halikuutaka. Tukalikata kwa msumeno,
mlango wa bati ukapanda nusu, ukagoma,
tukaingia tumeinama kama waliochelewa ibada.

Miaka tisa jengo hili la Pasua lilikaa kimya.
Popo walipanga bila kodi.
Vijana walikuja na koleo, wakaondoka na nyaya,
na masika ikachora ramani yake darini.

Kazi yangu ni rangi. Kukwangua kwanza, kisha kupaka.
Chini ya nyeupe ya kanisa lililohama usiku
nikakuta kijani cha ukumbi wa video,
shujaa wa karate bado ameinua ngumi,
kichwa chake kimeliwa na unyevu.
Chini ya kijani, buluu: VIATU VYA SHU,
ile LE ilianguka pamoja na plasta.
Na chini kabisa njano,
njano ya unga wa yanga, ya duka la ushirika,
ya foleni niliyotumwa kushika nafasi kwa jiwe.

Nakijwa Msangi hana muda na hayo.
Ana mkopo wa benki na mume mwenye mashaka.
Anapima sakafu kwa hatua, viatu mkononi,
akihesabu kwa Kipare:
hapa friji ya maziwa,
hapa mshare, mikungu isimame, isilazwe,
hapa dagaa, mbali na mkate tafadhali.
"Mtu wa hapa akiishiwa chumvi usiku," anasema,
"analipa bodaboda buku mbili
akafuate chumvi ya mia tano.
Huo si umbali, fundi. Huo ni ushuru."

Siku ya nne, nyuma ya kaunta, nikakuta penseli.
Mwandiko wa muuzaji, herufi zimelala
kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe.
*Mzee Lyaruu, mafuta ya taa, chupa 1.*
*Mwl. Elinami, sabuni nusu mche.*
Na karibu na sakafu,
mahali pa kuandikia umepiga magoti:
*Mama Kundaeli, sukari kilo 2.*

Kundaeli ni mimi.

Wengine wamepigwa mstari. Mama hakupigwa.

Naikumbuka sukari hiyo.
Baba alikuwa na siku mbili mgombani,
shangazi wameshuka kutoka Machame na kanga zao mbichi kwa mvua,
na mama anamimina chai kama mwenye nazo,
kijiko juu ya kijiko,
hamtazami mtu usoni.

Nikamwita Nakijwa. Akachuchumaa, akasoma kwa kidole.
Nikatoa pesa, bei ya leo, kilo mbili.
Akacheka, wala si kwa ubaya:
"Nikupokelee kwa niaba ya nani?
Aliyeandika hayupo, ushirika wenyewe haupo,
na mimi sukari yangu haijashushwa.
Rudisha mfukoni. Hapo inapita shelfu."

Nikapaka ukuta mzima, krimu, mikono miwili.
Pale chini niliruka,
upana wa kitabu cha nyimbo.
Hakuna aliyeniagiza.

Jumamosi lilifunguliwa. Mlima haukutoka,
ulikuwa na mawingu yake na shughuli zake.
Watoto walishika mlango wa friji
wafungue, wafunge, waone taa kama inalala.
Juu ya kaunta nilikuwa nimeandika, kama nilivyoelekezwa,
kwa nyekundu, herufi za kusimama:
LEO TASLIMU, KESHO MKOPO.
Rangi ya O ya mwisho ilikuwa bado inanata.

Saa sita hazijafika.
Mama mmoja, mtoto mgongoni, anatoka na mfuko wa unga,
anatoka upesi, kama anayeogopa kuitwa.
Nakijwa anamtazama mpaka anakata kona ya mashine ya kusaga.
Anapapasa kaunta, droo, mfuko wa aproni.
"Kundaeli," anasema, bila kugeuka,
"huna penseli hapo?"